Siku Sita Mchezo, Siku ya Saba Kazi

Wiki iliyopita alifariki mtu ambaye wengi wenu, wasomaji wangu, hamkumjua, na ambaye waliomjua kule Migori walikuwa na neno moja tu la kumweleza: mchezaji. Hawakumaanisha kandanda. Malaria ilimpanda kichwani, akalazwa, akaenda zake kabla hajafikia umri wa kuota mvi. Aliyeniletea habari ni dada yake mkubwa, muuza nafaka wa soko la Kosele, aliyenipigia simu hapa gazetini kutoka kibanda cha posta huku mashine ikizimeza sarafu zake. "Mtu wa gazeti," alisema, "ndugu yangu ameenda. Tunazika Alhamisi. Na kanisa imekataa kumwimbia." Kisha sarafu zikaisha na simu ikakatika. Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba sikawii kukasirika. Leo mtanivumilia, maana hasira iliyonishika siku hiyo bado ninayo.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu, nieleze. Kumzika mtu bila kanisa lake kumwimbia ni kumwambia mama yake, mbele ya majirani na maturubai ya kukodi, kwamba alizaa bure. Na huyu hakuwa muumini wa kupita tu. Alikuwa sauti ya chini katika kwaya ya kanisa lake, mojawapo ya yale yanayoishika Jumamosi kama Sabato. Alikuwa na sauti nzito iliyotoka tumboni, na ilikuwa ndicho kitu pekee ambacho watu wa Migori walikubali kwa kauli moja kwamba anakifanya vizuri. Sasa kwaya hiyohiyo ilikuwa imekatazwa kufungua kinywa juu ya jeneza lake. Kosa lake lilikuwa kufanya kazi siku ya Sabato, na ili mwelewe upuuzi wa shtaka hilo, lazima kwanza niwaeleze alikuwa akifanya nini siku zile nyingine sita.

Nilikutana naye miaka kadhaa iliyopita, nilipotumwa Osiri kuandika habari za wachimbaji wadogo wa dhahabu. Nilirudi Migori mjini nikiwa na vumbi hadi masikioni na makala isiyo na mahali pa kupigwa chapa. Nikaelekezwa kwenye chuo cha kompyuta, ghorofa ya juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mlangoni kulikuwa na safu ya viatu kama msikitini. Mkurugenzi wa chuo, mtu wa tai pana na kitambulisho alichojitengenezea mwenyewe, aliniamuru nivue vyangu ili mashine zisipate vumbi. Ndani, kila kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufumwa kwa sindano, cha maua, vile tunavyofunika viti vya sebuleni wageni wakija. Vijana walikuwa wakichapa barua ya kuomba kazi. Wote walichapa barua ileile kutwa nzima, kwa bosi asiyekuwepo, wakiomba kazi isiyokuwepo, na wakimaliza walipewa cheti. Hayo, mkurugenzi alinieleza bila kuona haya, ndiyo yanayoitwa maendeleo.

Mwalimu wao alikuwa kona ya mwisho, soksi moja nyeusi na nyingine kijani, amekunja uso mbele ya kioo cha kompyuta. Hakunisalimu. Aliposikia ninatoka Osiri, swali lake la kwanza halikuwa habari za huko wala njia ilikuwaje. Aliniuliza wachimbaji wanajuaje ni nguzo ipi ya kutoa shimoni na ipi ya kuacha ili paa lisiwaangukie. Nilimwambia nilivyoona. Akauliza tena, na tena, mpaka nikajuta kuzaliwa. Niliporudi mji ule baadaye alinikalisha mbele ya mashine yake na kunionyesha mchezo mdogo wa miraba: huku nguzo, kule dhahabu, na juu paa la udongo. Unaondoa nguzo moja moja hadi uifikie dhahabu bila kuzikwa. Nilizikwa mara zote nilizojaribu. Alinicheka usoni, kicheko cha mtu asiyefunzwa adabu kwa wageni.

"Hii haina jibu," nilimwambia kwa hasira.

"Omera, ndugu yangu, iko na jibu," alisema. "Kabla mashine ikuonyeshe, imeifungua yenyewe kwanza, hatua kwa hatua. Ikishindwa, inaitupa. Mimi siwezi pea mtu fumbo halina jibu. Hiyo si mchezo, hiyo ni kumwonea."

Alikuwa nayo mengi ya namna hiyo, na alikuwa akiyakusanya kama mkulima anayechagua mbegu. Kulikuwa na lile la kupanga magunia ya mahindi ya Ntimaru kwenye mkokoteni bila kuacha pengo, na mkokoteni usiinuke mbele. Kulikuwa na la mitungi ya maji isiyolingana, na mengine ya tarakimu zilizovurugwa ambayo sikuwahi kuyaelewa. Yote yalikuwa madogo, ya kuchezwa wakati chai inapoa. Lakini kilichomkosesha usingizi hakikuwa mafumbo yenyewe. Kompyuta, kama ninyi mnaozitumia mnavyojua, hazisemi lugha moja. Mashine za chuo ziliendeshwa na DOS, ile ya herufi nyeupe juu ya weusi. Wakala wa bima mtaa wa pili alikuwa na Windows yenye vidirisha. Na Homa Bay, katika afisi ya parokia, kulikuwa na Makintoshi iliyoachwa na padri mgeni aliporejea kwao. Mchezo ulioandikiwa moja haukuweza kufunguka katika nyingine. Yeye aliapa kwamba mafumbo yake yatafunguka katika zote, na yawe yaleyale.

Namna yake ya kufanya hivyo aliieleza kwa kila aliyesimama karibu, awe ametaka au hakutaka. Kila fumbo, alisema, lina akili na lina uso. Akili ni kanuni zake: nguzo ipi inabeba nini, gunia lipi linaingia wapi. Uso ni rangi, mistari, na mahali pa kubonyeza. Watu wavivu huandika vyote pamoja, kisha wakipata mashine nyingine huanza upya. Yeye aliandika akili peke yake, mara moja, isiyojua lolote kuhusu mashine yoyote, halafu akaishonea kila mashine uso wake. Fumbo jipya likizaliwa, linavaa nyuso zote siku hiyohiyo. Hilo liliwezekana kwa sharti moja gumu, nalo ni kwamba kila uso lazima ujaribiwe kwenye mashine yake, kwa mkono, na mtu anayejua anachotafuta. Shikeni jambo hilo, maana ndilo lililomponza.

Sitaki mdhani ninamsifu kwa sababu amekufa. Alikuwa mtu wa kuchosha. Ukimtembelea hakukukaribisha chai, alikukaribisha fumbo. Alikuwa na kiburi cha kutosha kugawia ukoo mzima, na alisahihisha watu katikati ya sentensi zao, hata wazee, hata mimi. Niliwahi kumwomba aweke mahali pa kubonyeza ili mtu akishindwa aonyeshwe jibu, akanitazama kama niliyependekeza tumwibie mjane. Lakini alijua alichokuwa akijenga, na alikijenga kila asubuhi kabla ya masomo na kila jioni baada ya masomo, mwaka baada ya mwaka. Kama hiyo si kazi, basi sijui tunaita nini kazi.

Mkurugenzi alijua. Kwake kazi ilikuwa ile barua ya kuomba kazi. Siku moja aliwakuta vijana wawili wamebaki baada ya saa za masomo wakibishana juu ya mkokoteni wa Ntimaru, mmoja akisema gunia la mwisho haliingii na mwenzake akimwonyesha linavyoingia. Walikuwa wakifikiri, jambo ambalo chuoni hapo halikuwa limewahi kushuhudiwa. Mkurugenzi alimwita mwalimu mbele ya darasa zima na kumwambia maneno ambayo marehemu alipenda kunirudia kwa kuigiza sauti: "Wazazi wanalipa watoto wasome, wewe unawafundisha kucheza. Hii umekuwa ukifanya miaka yote si kazi. Ni mchezo. Na mtu wa mchezo hana nafasi hapa." Akamfukuza. Mwenye duka la chini, mfanyabiashara Mwislamu aliyehamia kutoka pwani, alimpa kona nyuma ya mifuko ya saruji na sehemu ya kuchomeka waya. "Kaa hapa, mwanangu," alimwambia. "Ila ule mkokoteni wako uniachie, huo umenikaa kichwani hata usingizi sipati." Huyo ndiye mtu mmoja mjini aliyemheshimu, na hata yeye, mnaona, aliuheshimu mkokoteni zaidi.

Mji mzima ulikubaliana na mkurugenzi. Nasema mji mzima bila kutia chumvi. Ukiuliza njia ya kwake uliambiwa, "Nani, yule wa kucheza?" Wajomba walimwuliza ataacha lini mchezo aoe. Wenye vyeti vya kuchapa barua, wasio na kazi wala mchezo, walimwonea huruma. Yeye alikuwa ameyazoea, na siku moja akapata wazo la kuyatumia. Ile Makintoshi ya Homa Bay ilikuwa ikitumiwa na karani wa parokia siku zote za kazi kuchapa vyeti vya ubatizo, na Jumapili palikuwa na misa. Karani alikubali kumpa ufunguo Jumamosi mchana tu. Mshika Sabato, na Jumamosi! Aliliwaza jambo hilo kwa muda mrefu, alivyoniambia, kwa namna ileile alivyowaza nguzo za Osiri. Mwishowe akaona njia. Kama Migori yote, pamoja na wazee wa kanisa lake, inashuhudia kwamba anachofanya ni mchezo na si kazi, basi Jumamosi mchana yeye hafanyi kazi. Ataimba kwaya asubuhi, na mchana ataenda kucheza.

Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba watu hukumbuka walichosema. Jumamosi moja ujumbe wa kanisa kutoka Migori ulikuwa Homa Bay kwa mkutano wa kwaya, na mmoja wa wazee wa kanisa akapita nje ya dirisha la parokia. Alichokuwa akikitafuta mzee wa Sabato kwenye dirisha la Wakatoliki hakuna aliyemwuliza. Alichungulia, akamwona ndugu yao mbele ya kioo, na juma lililofuata akamshtaki mbele ya baraza la kanisa. Mzee huyo, na hapa naomba mkae vizuri, alikuwa mkurugenzi wa chuo.

"Nilikuwa nacheza," marehemu aliwajibu. "Mzee mwenyewe ndiye alisema ni mchezo. Alinifuta kazi kwa hiyo."

"Mtu akicheza hucheka," mkurugenzi alisema. "Wewe nilikuona kwa dirisha. Ulikuwa na jasho. Ulikuwa umekunja uso. Hiyo ilikuwa kazi."

Baraza likatikisa kichwa, likaandika, likamwondoa katika ushirika. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba katika maisha yake yote chombo kimoja tu kilikubali rasmi kwamba mtu huyu alifanya kazi, na kilikubali ili kimwadhibu. Alinisimulia haya akicheka mpaka akakohoa, na nikamwona alivyoepuka macho yangu alipomaliza. Tangu siku hiyo alikwenda kanisani kama kawaida na kukaa benchi la nyuma. Kwaya ilipoimba, alifunga mdomo, kwa sababu aliyeondolewa haruhusiwi kuimba na wenzake. Dada yake anasema hilo ndilo lililomuumiza, kuliko kufutwa, kuliko kuitwa mchezaji na kila mtu. Marehemu alimwambia mara moja tu kwamba hana neno na baraza, mradi siku ya kufa kwake wamwimbie ule wimbo wa mwisho wa ibada, na sauti ya chini isikosekane.

Basi Alhamisi nilikwenda Kosele. Kwaya ilikuwepo. Walikuja kama majirani, hawakuvaa sare, wakakaa pamoja upande mmoja wa turubai bila kukusudia, wanaume wa sauti ya chini nyuma kama walivyozoea. Mkurugenzi alikuwepo pia, tai ileile pana. Sasa ni mtu mkubwa zaidi. Mwaka huu ambapo kila mwenye mkoba anatutisha kwamba kompyuta zote zitarukwa na akili tarakimu za mwaka zikigeuka, yeye ndiye anayezunguka maafisini akiwashauri wakubwa, na ushauri wake, nilivyosikia, ni kwamba mashine zifunikwe. Alipewa kipaza sauti. "Leo," alianza, "sikuja hapa kama mzee wa kanisa. Mambo ya kanisa yana mahali pake. Nimekuja kama mwajiri wake." Kisha akamsifu. Alisema marehemu alikuwa mfanyakazi hodari. Alisema kazi yake ilikuwa kubwa kupita umri wake. Akarudia neno kazi, kazi, kazi, hadi nikatamani kipaza sauti kiungue. Watu walipiga makofi, walewale waliokuwa wakinionyesha njia ya kwa mchezaji.

Hapo dada yake akasimama. Ni mama mnene, mpole, mwenye mikono ya kupima mahindi, na sikuwahi kumsikia akiinua sauti. Hakuinua hata siku hiyo. Alitembea hadi mbele na kusimama karibu na jeneza.

"Jaduong'," alisema kwa heshima, kama mtu anavyomwita mzee. "Asante kwa kusifu ndugu yangu. Mimi sijasoma. Nataka tu unisaidie kitu moja. Ile kitu alikuwa anafanya, ilikuwa kazi ama ilikuwa mchezo?"

"Mama, tumpumzishe marehemu," mkurugenzi alisema.

"Amepumzika. Mimi ndio sijapumzika. Kama ilikuwa mchezo, basi hakuvunja Sabato, waambie kwaya wasimame waimbie yeye. Kama ilikuwa kazi, basi hukumfuta kazi kwa haki, sema hivyo hapa mbele ya watu wasikie. Chagua yoyote. Mimi nitachukua."

Wasomaji wangu, nimeketi katika kumbi za mahakama na katika mikutano ya wakubwa, lakini sijawahi kusikia swali kama lile. Lilikuwa fumbo alilolijenga mwenyewe mkurugenzi, nguzo kwa nguzo, na sasa alikuwa amesimama chini yake. Na lilikuwa na jibu, tena majibu mawili, na kila moja lilihitaji sentensi moja tu: nilikosea chuoni, au nilikosea barazani. Kwaya yote ilimtazama. Wale wanaume wa nyuma, nakuapieni, walikuwa tayari wamevuta pumzi. Yeye alirekebisha tai, akasogeza kinywa kwenye kipaza sauti, akasema, "Jambo hili ni zito. Tutalipeleka kwenye baraza."

Watu waliinamisha vichwa. Hakuna aliyeimba. Kamba za jeneza zilipoanza kuachiliwa, dada yake aliuanza ule wimbo peke yake, na Mungu hakumjalia sauti. Aliupandisha pasipopandishwa, akasahau ubeti mmoja na kurudia mwingine, na akaendelea mpaka mwisho huku kwaya nzima, yenye sauti nzuri kuliko zote katika wilaya za Migori na Homa Bay, ikimsikiliza, kila mmoja akitazama viatu vyake mwenyewe. Nitasema ninavyoamini: woga wa namna ile ni dhambi kubwa kuliko kubonyeza kibodi Jumamosi. Watu wazima walikuwa na wimbo kooni na wakaumeza kwa sababu mtu mwenye tai hakuwatikisia kichwa.

Nilipokuwa nikiondoka mkurugenzi alinishika mkono kando ya lango. Nilidhani moyo umemsuta. Alishusha sauti na kuniuliza kama ninajua zile disketi za marehemu ziko wapi, maana siku hizi wazazi wanaulizia michezo ya kufungua akili za watoto, na chuo kinafikiria kuanzisha darasa, na itakuwa pia njia ya kumuenzi. Nilimpeleka moja kwa moja hadi kwa dada yake, aliyekuwa akikunja mikeka, nikamwambia arudie aliyoniambia. Akarudia, kwa adabu zote.

Mama yule alimsikiliza hadi mwisho. Disketi zote zimo katika kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda chake. Nimeziona mwenyewe, zimefungwa kwa kitambaa, na ndani ya kila moja mafumbo yale madogo yamo kwa nyuso zake zote tatu. Huko sokoni hakuna mashine ya kuzifungua, lakini anasema haijalishi, mwenye kuzijua atakuja.

Funzo ninalolichukua halina utamu. Katika nchi hii jina la anachokifanya mtu haliamuliwi na jasho lake wala na anachokijenga. Linaamuliwa na anayeketi mbele, na litageuka mara nyingi kwa siku kadiri anavyogeuka yeye. Ukikubali akuite mchezaji Jumatatu, usishangae akikuhukumu kama mfanyakazi mwisho wa juma, na akikuomba urithi wako Alhamisi, juu ya kaburi lako bichi. Marehemu alidhani anaweza kuwashinda kwa kanuni zao wenyewe, na kwa akili zake zote hakuona kwamba hawakuwa na kanuni. Dada yake, aliyesema mbele yetu sote kwamba hakusoma, aliliona.

"Ziko, Jaduong'," alimwambia, akiendelea kukunja mkeka. "Wewe kuja uchukue. Lakini kuja Jumamosi, mchana, watu wote wakiwa wanaona."

Mpaka ninapoandika haya, hajaenda.